Nilimwibia Mama Bella reed ya klarineti siku ya mchujo, kumbe naye alikuwa na mpango wake

Wakuu, salamu nyingi kutoka huku kando ya ziwa.

Mimi ni mmoja wa wale watu wa kusoma nyuzi zote bila kuacha hata nukta. Naandika comment, naisoma mara sita, nafuta. Leo naandika moja kwa moja, kwa sababu nikirudi nyuma kusoma, huu uzi hautaonekana.

Yote nitakayosema yalitokea. Pale nilipokosa nitasema nilikosa. Majina tu ndiyo nimebadilisha, maana mhusika mkuu ana simu nzuri kuliko yangu.

Mimi ni kijana wa Kisian, hapa nje kidogo ya Kisumu ukielekea Busia. Nilimaliza chuo miaka miwili iliyopita. Nilisomea takwimu. Kazi bado. Nimetuma maombi mengi mpaka nikaanza kuwaza kwamba barua pepe zangu zina harufu.

Kitu kimoja tu kilikuwa kinanifanya nivae shati la kupigwa pasi: kila Jumanne na Alhamisi alasiri napiga klarineti kwenye kikundi cha jazz.

Kwa ambao hawajaiona, klarineti ni lile zumari jeusi, refu kama mkono, lenye vyuma vingi vinavyong'aa. Nilijifunza shuleni kwa sababu tarumbeta zilikuwa zimeisha.

Kikundi chetu ni watu sita. Mwalimu Okumu, mwalimu mstaafu wa muziki, yuko kwenye kinanda na ndiye kiongozi. Ochi yuko kwenye drums. Kuna mtu wa besi na mtu wa tarumbeta. Halafu klarineti mbili. Mazoezi tunafanyia Otonglo, kwenye ukumbi mdogo nyuma ya duka la simiti.

Klarineti ya pili ni mimi. Ya kwanza ni Mama Bella.

Mama Bella anauza omena, wale dagaa wadogo wa ziwani, pale soko la Otonglo. Ana miaka arobaini na kitu, alifundishwa klarineti na bendi ya kanisa akiwa msichana, na hajawahi kuiweka chini. Anakuja mazoezi akiwa na leso kiunoni, mkoba mmoja wa klarineti na mwingine wa sukuma wiki. Mimi ananiita Graduate, na si kwa heshima.

"Graduate, hiyo noti umeipiga ama umeiomba msamaha?"

Hayo ndiyo maisha yangu na yeye. Lakini pia kuna kitu ambacho ni sisi wawili tu tunakijua pale ndani. Mwalimu akisema wimbo uko F, wengine wanapiga F, wa tarumbeta anafuata kwa sikio bila karatasi, ila sisi ni tofauti. Klarineti yetu imetengenezwa hivi kwamba ni lazima tusome G ndiyo itoke F. Kila wimbo, sisi wawili tunaishi hatua moja juu ya wengine, tunahesabu kichwani. Siku moja nikikosea kuhesabu, Mama Bella hunikanyaga mguu kabla hata sauti haijatoka. Sijui anajuaje.

Sasa nieleze reed, kwa sababu ndiyo chanzo cha hii aibu yote.

Reed ni kipande chembamba cha mwanzi, saizi ya kijiti cha aiskrimu, unakifunga kwenye mdomo wa klarineti. Ukipuliza, hicho kijiti ndicho kinatetemeka na kutoa sauti. Bila reed, klarineti ni rungu la bei ghali. Reed ikipasuka kidogo tu, sauti inalia kama mlango wa choo cha shule. Na kabla ya kupiga ni lazima uilowanishe.

Pale ukumbini tuna vikombe viwili vya plastiki dirishani. Cha bluu ni cha Mama Bella, cha kijani ni changu. Ukifika, unaweka reed yako kwenye kikombe chenye maji, unaiacha dakika kumi ikilowa huku unafunga klarineti yako polepole. Ni utaratibu wetu tangu siku ya kwanza.

Shikeni hapo kwenye vikombe.

Jumanne moja Mwalimu Okumu akaja anatabasamu mpaka tukashangaa. Hoteli moja ya kando ya ziwa ilikuwa inataka kikundi cha kupiga jazz kila Jumamosi, kuanzia saa sita mchana mpaka saa kumi. Kila Jumamosi, wakuu! Sisi ambao tulikuwa tunapiga harusi mbili kwa mwaka na msiba mmoja.

Tukapiga kelele. Ochi akapiga drums bila kuombwa.

Halafu Mwalimu akasafisha koo. "Kuna jambo. Jukwaa lao ni dogo. Meneja anataka watu watano."

Kila mtu akaanza kutuhesabu kwa macho.

Sisi ni sita. Kinanda ni kimoja, drums ni moja, besi ni moja, tarumbeta ni moja. Hesabu hiyo haihitaji mtu wa takwimu.

Mama Bella aliangalia dari. Mimi niliangalia viatu vyangu.

Mwalimu akasema hataki kuchagua kwa uso, kwa sababu Ochi ni binamu ya Mama Bella na yeye Mwalimu ndiye aliyempiga picha Mama Bella siku ya harusi. Kwa hiyo Alhamisi ya wiki itakayofuata kutakuwa na mchujo, na mpaka siku hiyo hakuna mazoezi ya pamoja. Tutafunga shuka katikati ya ukumbi. Klarineti zote mbili zitakaa nyuma ya shuka, kila mmoja apige raundi mbili za wimbo ule wa polepole ambao Mwalimu aliutunga mwenyewe. Wale wengine wanne watasikiliza bila kuona, waseme namba moja au namba mbili.

"Na yule atakayebaki," Mwalimu akasema, "aendelee kuja mazoezi kama kawaida."

Hilo neno lilinimaliza. Kabla yangu kulikuwa na mtu wa gitaa aliyeambiwa aendelee kuja mazoezi kama kawaida. Leo hakuna hata anayekumbuka jina lake. Nilijiona tayari: Jumanne naenda, Alhamisi naenda, halafu naenda Jumanne peke yake, halafu mama ananiuliza mbona shati halipigwi pasi tena.

Wakuu, sikulala vizuri. Lakini nilikuwa na mpango: nifanye mazoezi siku zote tisa, asubuhi na jioni.

Mpango ulidumu siku moja.

Jumatano nilikuwa nasafisha reed yangu kwa mswaki, kwa sababu nilisoma mtandaoni kwamba bakteria wanaathiri mtetemo. Nikaisugua kwa bidii. Ncha ikang'oka. Ilikuwa reed yangu ya mwisho. Nikaandikia duka la Nairobi, wakaniambia mzigo unafika baada ya wiki mbili.

Sasa mtu mwenye akili timamu angefanya nini? Angemwomba Mama Bella reed moja.

Nilijaribu. Niliandika ujumbe: "Habari Mama Bella, samahani kwa usumbufu." Nikawaza, ukianza na samahani anajua una shida. Nikafuta. Nikaandika: "Mama Bella, una reed ya ziada?" Nikawaza, hiyo inaonekana kama amri. Nikafuta. Nikawaza tena: hata akiwa nayo, mbona anipe silaha ya kumpiga nayo? Akikataa, baada ya mchujo tutakaaje kiti kwa kiti? Akikubali nami nikamshinda kwa reed yake, si nitakuwa mwizi wa aina fulani?

Nilifuta ujumbe huo mara kumi na moja. Nilihesabu.

Badala yake nikaingia mtandaoni na kugundua kwamba zamani watu walikuwa wanajichongea reed wenyewe kutoka kwenye mwanzi. Nami niko Kisian. Ukishuka kuelekea ziwani, matete yamejaa mpaka yanafunika njia.

Kwa hiyo siku iliyofuata niko kwenye tope mpaka magoti, nimevaa miwani na mkoba wa laptop, nakagua mabua makavu moja moja. Mzee mmoja aliyekuwa anakata mafunjo ya kusukia mikeka akaniangalia muda mrefu.

"Kijana, unatafuta nini?"

"Mwanzi wa kupiga muziki, Mzee."

Akafikiria. "Wewe ni wa kanisa gani?"

Nikachukua mabua yangu nikaondoka.

Nilichonga kwa wembe na msasa siku nne. Nikapata reed nne. Ya kwanza ilitoa sauti ya bata aliyekanyagwa. Ya pili ilikuwa bata yuleyule akilalamika polisi. Ya tatu haikutoa chochote, hewa tu. Ya nne, ambayo ilitoka kwenye bua nene zaidi, hata sikuijaribu. Nilikuwa nimekata tamaa.

Nisikilizeni sasa. Hapa ndipo nilipokosa.

Jumatano, siku moja kabla ya mchujo, nilikaa kitandani na ile reed ya nne nikaanza kuipendezesha. Reed za kiwandani huwa na alama na namba ya ugumu nyuma. Nikachukua biro nyeusi nikaandika 3. Nikachora na kamstari kadogo chini. Nilijiambia ni mapambo. Lakini mkono wangu ulikuwa unajua unachofanya kabla yangu.

Alhamisi nikafika Otonglo mapema. Shuka la maua la mke wa Mwalimu lilikuwa limeshafungwa kwenye kamba. Mama Bella alikuwa amefika, reed yake imo kwenye kikombe cha bluu. Nikatia yangu ya matete kwenye kikombe cha kijani. Simu yake ikalia, mteja alikuwa anauliza omena, akatoka nje kuongea.

Nilibaki peke yangu na vikombe viwili.

Wakuu, sitawadanganya kwamba nilipambana na dhamiri. Mimi hupambana na dhamiri nikichagua rangi ya soksi. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza maishani, sikufikiria hata kidogo. Mkono wa kulia bluu, mkono wa kushoto kijani, badilisha. Sekunde tatu.

Fikra zilikuja baadaye, zote kwa pamoja.

Wenzetu wanne wakakaa upande wa pili wa shuka. Mimi na Mama Bella tukabaki nyuma yake. Tukavuta karatasi. Nikapata namba moja.

Nikafunga ile reed ya Mama Bella kwenye klarineti yangu, nikaiweka mdomoni. Kitu cha kwanza nilichohisi ni omena.

Si harufu. Ladha kabisa. Omena iliyokaushwa na jua, chumvi kwa mbali. Ni wazi, mtu anashika samaki siku nzima kisha anashika reed yake, miaka nenda miaka rudi. Nikagundua pia kwamba nimeweka mdomoni kitu ambacho kimekaa mdomoni mwa mama wa watu. Ni kama kutumia mswaki wa jirani yako. Na Mwalimu kwenye kinanda alikuwa ameshaanza.

Nikapuliza.

Ikalia kama mlango.

Nikabana midomo. Ikakoroma. Nikalegeza. Ikapiga kelele mbili kwa wakati mmoja, moja juu, moja chini, kama watu wawili wanaogombania kiti. Nilisikia upande wa pili mtu akicheka na mwingine akimnyamazisha. Nikamaliza raundi mbili, jasho mpaka kwenye nyusi.

Mama Bella alikuwa ameinamisha kichwa, mabega yanatikisika. Nilidhani anaomba.

Kisha akapiga yeye. Na wakuu, naapa, ile reed yangu ya tope la Kisian ikaimba.

Haikuwa sauti ya kung'aa kama reed za dukani. Ilikuwa nzito, ya chini, ina pumzi ndani yake, kama mtu mzima anayeongea na wewe akiwa karibu. Raundi ya kwanza alipiga kama ilivyoandikwa. Raundi ya pili aliacha karatasi, akaenda zake. Ochi, ambaye hakutakiwa kupiga kitu, alianza kugonga goti. Kuna mahali Mwalimu alisahau kupiga kinanda.

Nilisimama pale nikisikiliza reed yangu ikinitoa kwenye jukwaa.

"Namba mbili!" walisema wote wanne, hata kabla ya kuulizwa. Shuka likavutwa. Makofi. Ochi akamkumbatia binamu yake.

Mama Bella hakutabasamu. Alinishika mkono wa shati akaniongoza mpaka nje, nyuma ya ukumbi kwenye tangi la maji.

"Graduate. Fungua mdomo."

"Mama?"

"Nimesema fungua. Unasikia ladha gani?"

Nikafuta midomo.

"Jibu."

"Omena."

"Sasa hiyo ni reed ya nani?"

Nikaanza kusema samahani. Akaniwekea ile ya matete mbele ya macho.

"Na hii? Ni kiwanda gani hicho kinaandika namba na biro?"

"Ulijua?"

"Nilijua nikiitoa kwa maji! Nimepiga hii kitu miaka thelathini, sijui reed yangu? Hii ina ladha ya kinamasi. Nilisikia chura."

"Nisamehe, Mama Bella. Nilichukua reed yako nzuri kwa sababu..."

Akapiga mikono. "Nzuri? Yawa! Umesema nzuri?" Alicheka mpaka akashikilia tangi. "Nyathina, mwanangu, hiyo reed niliipasua mwenyewe jana. Na ukucha. Nilitafuta mbovu kuliko zote, nikaona haitoshi, nikaipasua."

Sikuelewa. Kichwa changu kinachofikiria kila kitu kilikuwa kimezima.

Akanieleza polepole, kama anaongea na mteja anayetaka kupunguziwa.

Jumamosi ndiyo siku yake kubwa sokoni. Watu wanatoka mpaka juu milimani kuja kununua. Akikosa Jumamosi mbili, wateja wanahamia kwa jirani na hawarudi. Hawezi kupiga hotelini. Lakini angemwambia Mwalimu hivyo, Mwalimu angeikataa kazi yote, kwa sababu ni yeye na Mwalimu walioanza kikundi, na Mwalimu alishaapa kwamba haendi mahali bila yeye, labda ashindwe kwa haki. Watu watano wangekosa kwa ajili ya omena. Kwa hiyo alipanga kushindwa. Vizuri, nyuma ya shuka, bila mtu kujua.

"Ndiyo maana nilimwomba Mungu akupe nguvu upige vizuri," akasema. "Kumbe wewe unaniibia mkosi wangu!"

"Lakini ulipoona ni reed ya matete, si ungepiga vibaya?"

Akaiangalia ile reed kwenye kiganja.

"Nilisema, hii ni mbovu kuliko hata yangu, asante Yesu. Nikapuliza. Ikatoka hivyo." Akatikisa kichwa. "Nilijaribu kuiharibu, Graduate. Kwa noti tatu za kwanza nilijaribu. Sikuweza. Wewe ukisikia sauti kama hiyo inatoka kwako, utaifukuza?"

Mimi sijawahi kusikia sauti kama hiyo ikitoka kwangu.

"Na mbona hukuniomba reed tu?" akauliza. "Nilikuwa na mpya, haijafunguliwa. Iko kwa mkoba wa sukuma. Nilikubebea, nikasema akikwama nitampa."

Wakuu, hapo ndipo nilikaa chini.

Akanivuta mkono akasema, "Inuka. Twende tumwambie Mwalimu."

"Labda nimwandikie barua kwanza, nieleze muktadha..."

"Barua? Mwalimu yuko hatua kumi kutoka hapa."

Tukaingia. Nilisema yangu yote mbele ya watu wote: mswaki, matete, biro, vikombe. Mama Bella akasema yake. Mtu wa besi aliinamia besi yake akicheka bila sauti. Mwalimu Okumu hakucheka.

"Ngoja nielewe," akasema. "Huyu ameiba ili ashinde. Huyu amejipasulia reed ili ashindwe. Na mimi nimemnyang'anya mke wangu shuka ili nihukumu kwa haki."

Akaanza kulikunja lile shuka.

"Kikundi hiki hakiwezi kubaki na mwizi," akasema, akiniangalia mimi. Nilianza kufungua klarineti yangu vipande vipande kuirudisha kwenye mkoba. Hata sikuwa na hasira. Nilikuwa nawaza nitamwambia nini mama.

"Mwalimu," Mama Bella akasema. "Ukimtoa huyu, nani atanitengenezea hizi?"

Alikuwa ameinua ile reed ya biro.

"Utapigia wapi na unasema Jumamosi huwezi?" Mwalimu akauliza.

Hapo Ochi, ambaye hajawahi kusema kitu cha maana tangu nimjue, akasema kutoka kwenye drums, "Si Graduate auze omena?"

Watu wakacheka. Mama Bella hakucheka. Alinigeukia, akanikagua kuanzia miwani mpaka viatu.

"Anajua kupima?"

"Nimesomea takwimu," nikasema.

"Sikuuliza umesomea nini. Gorogoro unaijua?"

Gorogoro ni ule mkebe wa kupimia. Nikasema naijua. Mwalimu akafunga kinanda, akasema, "Jumamosi utakaa sokoni. Jumanne na Alhamisi utakaa kwenye kiti chako. Na reed utatengeneza wewe, za watu wawili. Ukikosa Jumamosi moja, usirudi."

Hivyo ndivyo mtu aliyeiba ili apande jukwaani aliishia kwenye kibanda cha omena.

Jumamosi ya kwanza ilikuwa mateso. Nilijaza gorogoro mpaka usawa wa mdomo, nikapitisha rula juu ili iwe sawasawa. Mteja wa kwanza alinitazama kama nimemtusi.

"Wewe, kilima kiko wapi?"

Kumbe omena haipimwi kwa usawa. Inapimwa na kilima juu, halafu unaongeza kiganja kimoja cha bure, na hicho kiganja ndicho kinachomrudisha mtu. Hakuna chuo kilichonifundisha hilo.

"Wewe ni mtoto wa Mama Bella?" mama mmoja akaniuliza.

"Hapana. Mimi ni klarineti ya pili."

"Aah," akasema, kana kwamba ni ukoo anaoujua.

Jumamosi ya pili nilibeba klarineti. Mchana wateja hupungua, jua likiwa kali. Nikatoa reed ya matete, nikaanza ule wimbo wa polepole. Hizi reed zina tabia moja: baada ya nusu saa zinalainika kama ugali wa jana, inabidi uzipokezane. Kwa hiyo nachonga nyingi. Mama Bella anakwenda hotelini na tano kwenye kisanduku cha sabuni.

Mwanzoni jirani wa nyanya alinikemea. "Unafukuza wateja!" Wiki iliyofuata akawa ananiambia nirudie pale katikati.

Pale sokoni hakuna shuka wala Mwalimu. Hakuna wa kusema namba moja au namba mbili. Ukikosea, mtu anasema "ongeza kilima" na maisha yanaendelea. Nadhani ndiyo sababu nilianza kupiga bila kuhesabu kichwani. Sijui. Sitaki kulifikiria sana, nisije nikaliharibu.

Jumamosi ya tano, Mama Bella alirudi kutoka hotelini kama saa kumi na nusu. Alikuwa amevaa gauni jeusi na lipstiki, anatembea katikati ya soko kama mke wa gavana, wenzake wanampigia vigelegele. Akafika kibandani, akaangalia magunia. Tupu.

"Umeuza yote?"

"Yote."

"Hujampa mtu bure?"

"Kiganja tu."

Akakaa kwenye ndoo, akavua viatu. "Nasikia unapiga kelele hapa. Mama wa nyanya ameniambia. Hebu piga."

Nikasema reed imelainika. Akatoa moja kwenye kisanduku chake cha sabuni akanipa. Nikaifunga. Ilikuwa na ladha ya omena, na mimi pia kwa sasa nina ladha ya omena, kwa hiyo hakuna aliyeona tofauti.

Nikapiga raundi mbili. Ya kwanza kama ilivyoandikwa. Ya pili nikaacha karatasi.

Nilipomaliza, mama wa nyanya alisema "Ehee." Mama Bella alikuwa anajikanda mguu, anaangalia mbali.

"Hiyo," akasema hatimaye, "ungeipiga siku ile nyuma ya shuka, ungenishinda."

Nilifungua mdomo nimshukuru.

"Na saa hii mimi ningekuwa hapa nauza, wewe uko hotelini unapewa juisi." Akavaa viatu vyake tena, akasimama, akarekebisha gauni. "Lakini sasa nimeizoea hiyo juisi, Graduate. Kunitoa kule, utafanya kazi."

Kisha akaninyang'anya reed yake na kuondoka.

Wakuu, hapo ndipo tulipo. Mwalimu amesema kutakuwa na mchujo mwingine, mara hii bila shuka, na kila mtu atalowanishia reed yake mdomoni mwake mwenyewe. Vikombe ameviondoa. Mama Bella anafanya mazoezi kila siku, namsikia. Hajapasua reed yoyote. Nami pia sijagusa cha mtu.

Nilichojifunza ni kidogo. Nilitumia siku tisa kuogopa jibu ambalo lilikuwa limefungwa vizuri chini ya sukuma wiki, likinisubiri niulize. Kama kuna mtu unataka kumwomba kitu na umefuta ujumbe mara kumi na moja, tuma ule wa kwanza, hata kama umeanza na samahani.

Na wewe ukiwa mpiga ala yoyote humu, tuambie: umewahi kugusa kitu cha mwenzako kabla ya kupanda stage? Wa tarumbeta msijifanye watakatifu. Kama una ushauri wa namna ya kumshinda mama aliyepiga klarineti miaka thelathini, weka hapa, ila usimtag.

Nitajibu polepole. Kuna mama ameshika gorogoro hapa ananiuliza kilima kiko wapi.